Kishimo Katika Sakafu ya Jandal

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Kufa alikuwako mtu aliyeitwa Jandal bin Murra, mwenye nyumba saba katika mtaa wa wasusi wa mikeka. Alikuwa mtu wa swala na funga, na hakuna aliyewahi kumsikia akimtolea mpangaji neno chafu.

Desturi ya mtaa ule ilikuwa mikataba yote ya nyumba kwisha pamoja na mwaka. Mwezi wa Muharram ukiandama, mkataba umekwisha, na anayetaka kuendelea hufunga mwingine. Jandal alikuwa na hila moja katika jambo hilo. Akitaka kupandisha kodi, hakusema mapema. Alinyamaza Mfunguo Tatu wote, mwezi wa kufunga mwaka, kisha akamwendea mpangaji alasiri ya mwisho, wakati mtu hana tena pa kukimbilia, akamtajia kodi mpya kwa sauti ya upole kabisa. Mpangaji angefanya nini? Alikubali tu. Nanyi wenye nyumba mnaosoma haya, msijifanye ndiyo kwanza mnaisikia hila hii leo.

Mwaka mmoja muuza manukato alimwahidi Jandal kodi maradufu kwa nyumba yake ya pembeni. Humo alikaa Bi Lubaba, msusi wa mikeka, pamoja na mama yake mzazi aliyepofuka macho, na walikuwa wamekaa miaka kumi na minane. Jandal akajisemea moyoni, "Nitamtajia Lubaba kodi hiyohiyo. Akiiweza, akae. Asipoiweza, sijamdhulumu mtu, nyumba ni yangu." Akangoja, kama kawaida yake, hadi alasiri ya tarehe ishirini na tisa.

Alipokata kona alisimama ghafla. Bibi kipofu alikuwa ameketi nje juu ya mkeka, ameegemea ukuta wa jirani, tasbihi mkononi. Kando yake palikuwa na vyungu viwili, mafungu ya ukindu na furushi la nguo. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, na ndani Lubaba amepiga magoti, mikono imejaa udongo.

"Bi Lubaba, kulikoni? Nani kawatoa nje?"

"Hakuna aliyetutoa, Sheikh wangu. Hukuja kuniambia neno, nami niliona haya kukufuata mlangoni kwako. Leo ni ishirini na tisa. Huenda mwezi ukaandama jua likizama, na mkataba wangu ukawa umekwisha. Nikasema Magharibi isinikute naswali katika nyumba ya mtu bila idhini yake. Swala kama hiyo nitaipeleka wapi?"

"Na mtalala wapi?"

"Atakapotulaza Mola," alijibu bibi kipofu kutoka nje, wala hakukatiza tasbihi yake.

Jandal alihisi uso unamwaka. Alisogea hadi mlangoni, na kodi mpya hakuitaja.

"Bora umekuja," aliendelea Lubaba. "Matundu ya vigingi nimeyaziba yote, hebu yatazame. Ila kuna kasoro moja imenishinda. Nimekuharibia sakafu. Ikadirie thamani yake nikulipe, au unisamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu."

Akamwonyesha upande wa kibla. Sakafu yote ilikuwa sawa, lakini hapo palikuwa na kishimo kidogo, na nyuma yake vingine viwili vipana zaidi. Udongo mpya uliotiwa humo ulikuwa bado mbichi, na rangi yake haikulingana na wa zamani.

"Palikuwa na nini hapa? Kinu?" Jandal aliuliza.

"Ni mahali pa kuswalia, Sheikh wangu. Hivi viwili ni vya magoti, na hiki ni cha paji la uso. Mimi na mama yangu, miaka kumi na minane."

Subhanallah! Jandal alivua viatu vyake bila kujijua. Alikuja kuipandishia bei nyumba ile, na sasa aliogopa kuikanyaga.

Adhana ya Magharibi ikasikika. Watu waliokuwa juu ya mapaa wakitazama machweo walipaza sauti kwamba mwezi haukuandama. Jandal akasema, na machozi yanamtiririka, "Bi Lubaba, mwaka haujaisha. Hadi kesho nyumba hii ni haki yako, mimi sina amri humu. Nakuomba idhini yako niswali hapa."

"Karibu, Sheikh wangu."

Akaswali nyuma ya vile vishimo. Juu yake hakuthubutu.

Alipomaliza, alibeba vyungu kwa mikono yake mwenyewe akavirudisha ndani. "Mkataba uendelee kwa kodi ileile," alisema. "Na huo udongo mpya, tafadhali, utoe, vishimo vibaki."

"Nimekubali, Mwenyezi Mungu akulipe heri. Ila nina ombi. Mwaka utakaotaka kuipandisha, ipandishe, ni haki yako. Lakini tuambie mapema. Mama yangu ni wa kubebwa."

Alisema hivyo bila hasira hata kidogo. Jandal akainamisha kichwa. Kumbe hila yake ilijulikana miaka yote, na hakuna aliyemtangaza.

Aliporudi kwake alikunja zulia lake la kuswalia, akapapasa sakafu kwa kiganja. Alikuwa amekaa katika nyumba ile miaka thelathini, na sakafu ilikuwa laini na sawasawa kama siku ilipokandikwa. Akaketi palepale akalia. Kesho yake aliwazungukia wapangaji wote kuwaomba radhi, na tangu hapo, akitaka kuongeza kodi, aliwaambia kabla ya Ramadhani.

Ndugu zangu, Lubaba alijua mkataba wake unakwisha lini, na bado alifungasha siku moja kabla. Sisi mkataba wetu wa uhai hatukuambiwa tarehe ya kwisha kwake. Mola atujaalie mwisho wake utukute tumekwisha kuziba matundu yetu.