Jina la Mtoto wa Wawuda

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, na msikilize mpaka mwisho, kwa maana mwisho wa kisa hiki nitawaachia nyinyi kazi.

Katika milima ya Taita kulikuwa na ofisi ndogo iliyowaficha wanawake waliokimbia waume wapigaji. Haikuwa na jengo la kuwalaza. Iliwapeleka kwa familia zilizokubali kuwapokea, na kwa kila mwanamke iliandika nyumba tatu: anakoishi, atakakokimbilia akigunduliwa, na atakakokwenda hata huko kukiharibika. Wanawake arobaini na wawili walikuwa wamefichwa hivyo, na nyumba zao zote zilikuwa ndani ya tableti za wafanyakazi.

Wafanyakazi walikuwa watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mwadime alikuwa fundi. Yeye ndiye aliyeziandaa simu na tableti za ofisi: akazitia kufuli, akapanga orodha za kazi zinakiliwe ofisini kila jioni, na akahakikisha kifaa kikipotea anaweza kukiona kwenye ramani na kukifuta kikiwa mbali.

Mkamburi alikuwa karani, mama wa miaka hamsini na minane asiyejaliwa mtoto. Alizijua njia zote za mguu za milima ile, hata zile zinazopita katikati ya mashamba ya watu.

Mghoi ndiye aliyewatembelea wanawake. Kipaji chake kilikuwa kusikiliza. Aliyekataa kusema na polisi alisema na Mghoi.

Huyu Mghoi alikuwa amezika. Mtoto wake wa pekee, Wakesho, alikufa kwa nimonia akiwa na miaka mitatu. Simu yake mwenyewe ilikuwa kabambe, kisimu cha vitufe kisichopiga hata picha, kwa hiyo sura na sauti ya mtoto zilikuwa kwenye tableti ya kazi tu, video kumi na tisa. Katika moja Wakesho anawahesabu kuku: moja, mbili, nne. Anarekebishwa, anakasirika, anaanza upya, moja, mbili, nne. Kila siku saa ya chakula Mghoi aliitazama, sauti ameipunguza ili asiwasumbue wenzake.

"Kaka Mwadime, utanitolea lini zile video?" aliuliza. "Nataka ziwe na mahali pengine pia."

"Wiki ijayo, dada. Ngoja nimalize zile simu mpya."

Wiki ijayo ilifika mara nne.

Tena kulikuwa na jambo ambalo Mghoi hakumwambia mtu. Mwadime alikuwa amewakataza kutumia tarehe ya kuzaliwa kuwa namba ya kufungulia. Lakini baada ya mazishi hakuna namba iliyokaa kichwani mwa Mghoi isipokuwa tarehe aliyozaliwa Wakesho, akaiweka hiyo. Na tarehe hiyo ilikuwa imepakwa rangi nyeupe kwenye msalaba wa kaburi, kando ya njia ambayo kijiji kizima kilipita.

Jumanne moja asubuhi, mvua ikinyesha, aliingia mwanamume aliyevaa ovaroli akasema ametumwa kuangalia paa linalovuja. Paa lilivuja kweli. Mkamburi alimkaribisha, akampa chai, akaenda nyuma kutafuta ufunguo wa stoo. Mghoi alikuwa ameiacha tableti mezani akatoka kunawa mikono. Waliporudi walikuta kikombe tu.

"Alikuwaje?" Mghoi aliuliza.

"Mrefu. Mkono wa kushoto hana kidole cha mwisho."

Mghoi alikaa chini. Mkono ule aliujua. Ulikuwa wa mume wa Wawuda, mtu wa kijiji kimoja na Mghoi. Wawuda alikuwa amefichwa ng'ambo ya bonde, na mimba yake ilikuwa ya miezi saba.

Mwadime alifungua ramani. Alama ya tableti ilikuwa inapanda barabara ya kwenda kwa Wawuda, haisiti popote.

"Ameshaifungua," alisema. "Namba yako ilikuwa ipi, dada?"

Mghoi akamtajia.

Mkamburi alimpigia mwenye nyumba anakoishi Wawuda. Simu ilikuwa imezimwa. Akavua viatu vyake vya ofisini, akafunga leso kiunoni, akateremka bondeni kwa njia ya mkato.

Mwadime alibaki mbele ya kompyuta. Ofisi ilikuwa na sheria: hakuna kufuta kifaa bila idhini ya mkurugenzi, na mkurugenzi alikuwa ndani ya ndege. Lakini siyo hilo lililomzuia.

"Nikifuta, kinaondoka kila kitu," alimwambia Mghoi. "Orodha za kazi tuna nakala zake. Za kwako hatuna."

"Huwezi kufuta majina peke yake?"

"Kwa nilivyoipanga, siwezi. Ningekutolea zile video mapema..." Hakumaliza. "Nisipofuta, Mama Mkamburi atampeleka Wawuda nyumba ya pili, na huyu mtu ataisoma humo humo amfuate. Na wale wengine wote wamo. Lakini ukisema hapana, dada, sibonyezi."

Mghoi alitazama ile alama ikipanda. Alitafuta kichwani sauti ya Wakesho, aone kama anaweza kuisikia bila tableti. Aliyakumbuka maneno. Sauti yenyewe haikuja.

"Futa," alisema.

Mwadime akabonyeza.

Huko bondeni Mkamburi alikuwa ameteleza kwenye ukuta wa mawe wa shamba, goti likageuka. Aliinuka, akafika akichechemea, akamshika Wawuda mkono, wakapenya kwenye majani ya ng'ombe mpaka nyumba ya pili. Mume alipovunja mlango wa nyumba ya kwanza alikuta uji bado unafuka moshi. Majirani walimwona akisimama uani, akibonyeza tableti atafute nyumba inayofuata. Wakamkamata hapo hapo wakawaita polisi. Tableti ilirudishwa ofisini siku ya tatu, safi kama imetoka dukani. Mghoi alipoiwasha ilimwandikia: Karibu. Chagua lugha yako.

Alichagua. Aliendelea na kazi. Saa ya chakula akawa anatoka nje na kusimama tu kwenye baraza.

Goti la Mkamburi halikupona. Sasa anatembea kwa mkongojo, na zile njia zake hawezi tena kuzipita. Mwadime aliandikiwa barua kwamba amevunja sheria ya ofisi, na mkataba wake haukuendelezwa.

Wiki ya saba tangu Jumanne ile, Wawuda alijifungua binti kliniki. Akawaita wote watatu, akasema, "Sina kitu cha kuwapa. Nina mtoto mmoja, na jina lake ni moja. Nataka aliyetuokoa ndiye ampe. Semeni ni nani."

Mwadime alisema, "Bila kufutwa ile tableti, wangekufa wengi. Niliifuta mimi, na kazi nikaipoteza. Usiku nasikia kidole changu kikibonyeza. Nikimpa jina aliye hai, labda nitaweza kumtazama dada Mghoi usoni."

Mkamburi alisema, "Nilimkaribisha mimi yule mtu, chai nikampa mimi, sikatai. Lakini tableti ingefutwa na Wawuda angebaki palepale akipika uji. Nilimtoa kwa miguu hii. Sijawahi kuulizwa jina la mtoto na mtu yeyote, na sitaulizwa tena."

Mghoi akawa wa mwisho. "Namba ilikuwa yangu," alisema. "Niliambiwa nisiiweke, nikaiweka. Na neno la kufuta lilikuwa langu. Kama mtanipa, jina ninalo. Kama hamtanipa, sitalaumu."

Wawuda aliwatazama mmoja mmoja. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni na kadi ya kliniki, kila kitu kimejazwa, uzito, siku, jina la mama, na mstari mmoja mtupu.

Nami sikuambiwa walichoandika. Mmemsikia aliyebonyeza, mmemsikia aliyekimbia, mmemsikia aliyesema neno. Kosa la kila mmoja mnalijua, na alichopoteza mnakijua. Basi kalamu iko kwenu. Mngempa nani?