Asali ya Mgeni

"Asali ya mgeni huliwa matangani." Nimewaona mkitazamana niliposema hivyo. Na wewe Sekela ukacheka, huku unalirudisha blanketi jipya sandukuni eti ni la wageni, na chafya zinakuangusha. Cheka tu, mjukuu wangu, kamasi hazina haraka. Methali hii ina baba na mama, na wote nawajua. Ilianza hivi.

Huku kwetu milimani Ukinga, Juni ikiingia, sakitu, ule umande ulioganda, hulala juu ya viazi hadi majani yanaungua kama yamepigwa pasi. Mwenye akili hujiandaa mapema: kuni kavu, uji wa ulezi, mboga za majani, tangawizi, asali kidogo ya kulainisha koo. Jua likichomoza, anatoka kuliota. Si uchawi huo. Mwili ulioshiba na kulala vizuri haupigwi na baridi kirahisi.

Nyumba yetu ilikuwa na vyote hivyo, na hiyo ndiyo aibu yenyewe. Mzee Chaula, ndiyo, baba yangu mzazi, msinikodolee macho, alikuwa na mizinga saba msituni na kuku wanaotaga kama wako mashindanoni. Lakini huku mgeni hupewa kilicho bora, na baba aliipenda sifa hiyo kuliko mchuzi. Mwaka ule mimi, Tuse, nilikuwa nimeposwa. Wakwe walituma neno kwamba watakuja kipupwe, siku hawakuitaja. Basi baba akafungia kila kitu katika chumba cha wageni: mtungi wa asali, mayai, blanketi zito jekundu. Sisi tukabaki na viazi na chumvi, na matambara ya kujifunika.

Mama akaanza kukohoa. Mwanzoni tulimtania kwamba anabweka. Baadaye utani ukaisha wenyewe.

Jirani yetu, Mama Luvanda, akaja na kipande cha tangawizi kwenye pindo la kanga.

"Baba Tuse, mchemshie hii, utie na asali. Mfunike. Mpe mayai apate nguvu. Na kesho mpeleke zahanati."

"Asali ni ya wakwe."

"Wakwe gani? Wako wapi? Chini ya kitanda?"

"Wakifika nikawapa mtungi uliochotwa, nitaitwa nani?"

"Utaitwa mume."

Baba akageukia mlango. Mama mwenyewe akainua mkono kutoka kitandani. "Mwache, jirani. Tusije tukamwaibisha mtoto. Jua likitoka nitapona."

Jua likagoma siku nne. Zahanati, baba akasema, ni mbali, na wakwe wakifika watakuta nyumba tupu. Ufunguo wa kile chumba ulining'inia msumarini, na msumari wenyewe nilikuwa naufikia bila kujinyoosha. Nilikuwa msichana mzima, mikono miwili. Sikuugusa. Nami nilitaka wakwe wanisifu.

Siku ya tano tukambeba kwa machela. Mganga wa zahanati akasema mapafu yamejaa na mwili hauna nguvu ya kupigana. Mama hakufika mchana.

Sisemi kijiko cha asali kingemwokoa. Nimejiuliza mpaka nimeota mvi. Ninachojua ni kwamba alikufa akitamani vitu vilivyokuwa hatua tatu kutoka kitanda chake.

Wakwe wakafika. Msiba hausubiri kualikwa. Lile blanketi jekundu likatolewa, likamfunika mama tulipokuwa tukisubiri jeneza. Mayai yakachemshwa, nusu yake viza. Siku ya pili ya matanga uji ulikosa sukari, baba akauleta mtungi. Mshenga wetu, mzee mchangamfu asiyejua lolote, akaonja.

"Mkwe, asali hii si mchezo! Ulikuwa umeificha wapi?"

"Sikuificha," baba akasema. "Nilikuwa nimewawekea wageni."

"Basi tumefika," mzee akasema, akasogeza bakuli aongezwe.

Mama Luvanda, aliyekuwa akigawa uji, akaweka upawa chini. Hakumtazama baba. Alisema taratibu, kama anajisemea mwenyewe: "Kumbe asali ya mgeni huliwa matangani."

Kabla ya arobaini neno lile lilikuwa limevuka mito miwili. Watoto walilisema wakigombea viazi, bila kujua wanamsema nani. Baba akalisikia sokoni, akalisikia kanisani, na hakurina asali tena hadi tulipomzika. Mimi niliolewa. Wakwe walinisifu sana.

Haya, Sekela, toa blanketi hilo, jifunike. Maji ya tangawizi yale pale, yanywe yangali moto, na kesho tutakwenda kwa mganga akusikilize kifua. Mgeni akija, atukute hai. Asali ya mgeni huliwa matangani.