Moshi Nyuma ya Ofisi ya Chama

Jiko ulisifulo ndilo umpikie mgeni. Ndivyo alivyosema mwenyekiti wenu asubuhi hii alipowakuta mnateremsha mizigo ya ugeni wa kesho, nanyi mkacheka kwa kuwa hapakuwa na jiko lolote pale. Mmeniuliza neno hilo limetoka wapi. Kaeni basi, na wewe unayechezea simu, iweke kando. Chimbuko lake ni huku huku milimani, kijiji cha Kwembaazi, kwa mwanamke aliyeamka siku moja na wasiwasi.

Aliitwa Zaituni Shemboza, katibu wa chama cha majiko banifu. Chama kilikuwa kimewajengea wanawake wa Kwembaazi majiko ya udongo yanayokula kuni chache na kutoa moshi kidogo, na kwa kweli yalifanya kazi. Watoto waliacha kufikicha macho. Wafadhili wakasema, tangazeni mafanikio yenu, watu wayasikie, kisha tutazungumza habari za ng'ambo ya bonde. Huko ng'ambo ndiko alikoishi mama yake Zaituni, akipikia mafiga matatu katika chumba kisicho na dirisha, na kikohozi kilikuwa kimeanza kumkosesha usingizi. Zaituni aliogopa kipupwe kisije kikamkuta mama katika moshi ule.

Kwa hiyo alipowaandikia waandishi wa habari mwaliko, hakuweka akiba ya maneno. Aliandika, "Kwembaazi hakuna tena moshi wa jikoni." Mzee Shekalaghe, mwenyekiti wa chama, aliusoma akaona umekaa vizuri.

Siku ya ugeni Zaituni alipita nyumba kwa nyumba akichungulia majiko. Kote kulikuwa kumefagiwa, majivu yamezolewa. Bado roho haikutulia. Alihisi kuna jambo amelisahau, wala hakujua ni lipi. Viti alivikumbuka, kipaza sauti alikikumbuka. Hata chakula alikikumbuka: alimwambia Mama Kihiyo, mpishi wa shughuli zote za kijiji, apike pilau ya kutosha, maana huku kwetu mgeni haondoki na njaa.

Gari la waandishi likafika. Zaituni akasimama kusoma taarifa. Alipofika kwenye maneno "hakuna tena moshi" aliona macho ya wageni yamemhama. Walikuwa wanatazama juu ya paa la ofisi ya chama. Moshi mzito wa kuni mbichi ulikuwa unapanda nyuma ya jengo, taratibu, bila haraka yoyote.

Mtangazaji wa redio, kijana aitwaye Ndimbo, akasogeza kinasa sauti.

"Dada Katibu, wahenga walisema panapofuka moshi pana moto. Huo moto ni wa nani?"

Mzee Shekalaghe alimwinamia Zaituni. "Sema wanachoma majani shambani," akanong'ona.

Zaituni alimfikiria mama yake, na kwa kitambo uongo ule ulikuwa tayari mdomoni. Lakini harufu ya bizari ilikuwa imeshafika barazani, na majani ya shambani hayanukii bizari.

"Ni moto wetu," alisema. "Tunawapikia ninyi."

"Mbona si kwenye majiko yenu?"

"Sufuria kubwa ya shughuli haikai juu yake. Jiko ni dogo. Chakula cha nyumbani tunakipikia jiko banifu kila siku, na hilo si uongo. Ila ikija arusi, msiba au ugeni, tunarudi kwenye mafiga. Mimi mwenyewe nilirudi nilipomwoza binti yangu. Nilijua, na bado nikaandika hakuna."

Pilau ililiwa. Jioni Zaituni alivuka bonde. Alimkuta mama yake kando ya mafiga, redio mapajani, habari zimeshasikika.

"Nimekukosesha jiko, mama," alisema, akalia.

Mama alikohoa mpaka kikohozi kikamwacha. "Ungeanza kwa kuwapikia juu yake, mwanangu, ungejua la kutangaza na la kuacha. Jiko ulisifulo ndilo umpikie mgeni."

Wafadhili hawakukimbia, ila hawakuharakisha pia. Walitaka kwanza jiko la sufuria kubwa. Fundi akajenga, likapasuka, akajenga tena. Kipupwe kikaja kikamkuta mama katika moshi uleule, na Zaituni akawa anavuka bonde kila jioni kumpikia, huku mama amemkalisha kibarazani, mbali na moshi. Mama alikivuka kipupwe kile, ingawa sauti yake haikurudi kama ilivyokuwa. Majiko ya ng'ambo yalipozinduliwa, waandishi waliitwa tena. Safari hii Zaituni hakusoma hata mstari mmoja mpaka pilau ilipoiva mbele ya macho yao, sufuria kubwa ikiwa juu ya jiko jipya.

Nanyi kesho mnaleta televisheni ije iwaonyeshe watu maji ya bomba mliyoyavuta kutoka chemchemini, mmetangaza kuwa ni safi na salama. Nawapongeza, kazi mmeifanya. Lakini ile mizigo mliyokuwa mnaiteremsha kwa ajili ya wageni nimeiona na mimi. Ni katoni za maji ya chupa.

Mwenyekiti wenu hakuwagombeza. Alisema tu, jiko ulisifulo ndilo umpikie mgeni.