Digidigi Aliyemwomba Radhi Kifaru

Sogeeni, wanangu, sogeeni, na leo msicheke sana. Hapo zamani, kale ya karibu tu, wanyama wa mbuga moja walikuwa na nyumba, na maduka, na simu. Ndani ya simu zao mlikuwa na uwanja mmoja ulioitwa Mbiu.

Ukiwa na neno lako, unaliandika Mbiu, lisizidi maneno thelathini, na mbuga nzima inalisoma. Aliyependezwa anagonga ukwato, ko! Anayetaka kukusikia kila siku anakufuata. Mwenye harusi alipiga mbiu ya harusi, mwenye msiba alipiga ya msiba, na wenye biashara, lo! hao hawakunyamaza hata wakati wa kula.

Sikudhani alikuwa digidigi, mjane, mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu na wa akili. Alikuwa mkaanga vitumbua. Kila asubuhi aliandika, "Vitumbua vimeiva, vya moto, njooni," na wafuasi wake kumi na mmoja wakaja na vyombo vyao. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Kibibi, aliyekuwa ndio kwanza ameacha kunyonya.

Katika mbuga hiyohiyo Kifaru alikuwa na kiwanda cha unga wa uji wa watoto. Unga wenyewe uliitwa Nonosha, na wafuasi wake walikuwa elfu arobaini! Kifaru haoni vizuri, mnajua, basi alimwajiri Kasuku amwandikie. Asubuhi, picha ya ndama mnene anacheka. Mchana, picha ya mama yake ndama anacheka. Jioni, "Mpe Nonosha, aote pembe!"

"Kwato ngapi leo?" Kifaru aliuliza kila alipoamka.

"Elfu sita, bwana!"

"Elfu sita! Basi unga wetu ni mzuri."

Sikudhani hakuwa mpumbavu. Lakini neno ukilisoma asubuhi, mchana na jioni, na jirani zako wote wameligongea ukwato, mwisho unaona aibu kuwa wewe ndiye mama pekee asiyenunua. Akanunua. Kibibi akanywa uji wa Nonosha wiki ya kwanza, akanywa mwezi mzima.

Kisha macho ya mtoto yakawa manjano. Tumbo likajaa, miguu ikabaki vijiti.

Sikudhani akaumwaga unga kwenye ungo, akautoa juani, akainamisha pua. Mama wee! Chembe za kijani tele, na harufu ya shimo la panya.

"Mahindi haya yalikuwa yameoza kabla ya kusagwa," akasema peke yake. Akapiga picha, akaandika Mbiu: "Unga wa Nonosha una ukungu. Mwanangu anaumwa. Akina mama, tazameni mifuko yenu."

Ngli! Simu ikalia. Alikuwa Kasuku: "Pole, mteja wetu mpendwa! Furaha ya mwanao ndiyo furaha yetu!"

"Sitaki pole," Sikudhani akaandika. "Nataka mfunge kiwanda."

Ngli! "Pole, mteja wetu mpendwa! Furaha ya mwanao ndiyo furaha yetu!"

Halafu wakaja wengine, majina asiyoyajua, hayana sura wala ukoo, kumi, hamsini, mia.

"Mama mchafu huyo, hafuniki unga wake!"

"Ametumwa na washindani!"

"Na vitumbua vyake je, si vina ukungu vilevile?"

Ko! ko! ko! Kwato zikawagongea wao. Kesho yake Sikudhani alikaanga vitumbua, asije hata mtu mmoja na chombo.

Siku ya nne, adhuhuri, Kibibi akasema, "Mama, maji."

Sikudhani akaenda mtungini. Aliporudi na kata mkononi, hapakuwa na wa kunywa.

Aliandika maneno machache: "Kibibi amefariki. Mazishi alasiri."

Ngli! "Asante kwa kuwasiliana na Nonosha! Furaha ya mwanao ndiyo furaha yetu!"

Kasuku hakuwa amesoma, wanangu. Alijibu tu.

Baada ya mazishi Sikudhani alikwenda kwa Tembo, mwenyekiti wa mbuga, akiwa na unga kwenye kitambaa.

"Shikamoo, mwenyekiti. Huu ndio uliomuua mwanangu. Nusa."

Tembo hakunusa. Alitoa simu, akaitazama kwa jicho moja. "Marahaba, binti yangu. Pole sana. Lakini Nonosha ina wafuasi elfu arobaini. Wewe unao wangapi?"

"Kumi na mmoja. Sasa wamebaki tisa."

"Unaona? Sasa mimi nimsikilize nani?"

Sikudhani akafunga kitambaa chake. Hakulia. Akashika njia ya nyumbani kwa Kifaru, akasema moyoni: nitamwambia usoni, anikanyage akitaka.

Alipofika kwenye ua akasikia, tu! tu! tu! Akachungulia kati ya miti ya uzio. Mke wa Kifaru alikuwa na mchi, anatwanga mahindi meupe kwenye kinu. Pembeni ameketi binti yao mdogo, Shani, anameza uji, shavu limenona.

Sikudhani akasogeza jicho karibu na uzio. Nyumba ya mwenye kiwanda inatwanga unga wake kwa mkono! Kumbe anajua. Kifaru anajua kila kitu.

Akageuka, asibishe hodi. Siku tatu hakuandika neno. Siku ya nne, Mbiu nzima ikasoma hivi:

"Nilimsingizia Bwana Kifaru kwa uchungu wa msiba. Naomba radhi. Niruhusuni nimpikie Shani uji wa Nonosha mbele ya wote, tupatane."

Ko! ko! ko! ko! Kwato elfu kumi kabla jua halijapanda.

Kanga, jirani yake, ambaye ndiye aliyemwosha Kibibi siku ya mazishi, alikuja mbio, mabawa yamesimama.

"Sikudhani! Umeandika wewe haya?"

"Nimeandika mimi."

"Wamekupa nini? Kaburi la mtoto halijakauka udongo, wewe unakwenda kumpikia uji mtoto wa Kifaru? Umemuuza mwanao!"

Sikudhani angemwambia Kanga, Kanga angemwambia mwingine, na kufika jioni Kasuku angekuwa nalo. Akainama, akaendelea kusugua sufuria.

"Usinisalimie tena," Kanga akasema, akaondoka. Neno hilo, wanangu, lilimchoma kuliko ya wale mia wote.

Mchana Kasuku akatua mlangoni, prrr! amejipaka mafuta.

"Bi Sikudhani! Mbuga nzima inatuzungumzia! Kesho asubuhi, uwanja wa soko, nitarusha mubashara. Utapika, Shani atakunywa, utapiga magoti, basi. Bwana amefurahi mno."

"Nije na unga?"

"Aa, aa! Usije na unga wowote," Kasuku akasema haraka. "Unga tutaleta sisi."

"Kama mnavyopenda," Sikudhani akasema. Sasa alijua kwamba Kasuku naye anajua.

Asubuhi uwanja ulifurika. Nyumbu na ndama wao, ngiri, pundamilia, na Tembo kwenye kiti cha mbele. Simu ya Kasuku imesimamishwa juu ya mti mfupi, na ndani yake wanatazama wanyama elfu sitini. Kifaru amekaa kwenye jukwaa, Shani kati ya miguu yake.

Kasuku akaleta mfuko wa Nonosha, mpya, umefungwa vizuri. Sikudhani akaufungua mbele ya wote, hatua tatu kutoka kwenye kamera. Unga mweupe, unanukia kama mahindi ya jana shambani. Akaukoroga na maji ya baridi, akaumimina kwenye maji yanayochemka, akazungusha mwiko taratibu mpaka uji ukaanza kusema, puch, puch.

Akapakua kwenye bakuli, akapuliza kama alivyokuwa akimpulizia mwingine. Akampa Shani.

"Asante, shangazi," Shani akasema, akashika bakuli kwa mikono miwili.

Sikudhani akapiga magoti mbele ya Kifaru. Umati ukapiga makofi. Akasogeza mdomo kwenye lile sikio kubwa, akanong'ona:

"Nisamehe, bwana. Mfuko wa Kasuku ulinipasukia, unga ukamwagika wote. Nimepika ule uliobaki nyumbani kwangu. Uleule wa Kibibi."

Kifaru hakuona mfuko, hakuona sufuria. Aliona kivuli cha binti yake kinainua bakuli.

"Shani! Usinywe!"

Pa! Bakuli likaruka, uji ukamwagikia uso wa mtoto.

"Tema! Kasuku, mletee maji! Tema, mwanangu, utakufa! Nimekwambia mara ngapi usile unga ule!"

Sauti ya kifaru, wanangu, haihitaji simu. Ilifika mpaka ng'ambo ya mto.

Vichwa vyote vikamgeukia Kifaru. Hata Kasuku alisahau kuzima simu.

Sikudhani akasimama. Alikwenda kwenye sufuria, akachota uji kwa upawa, akaunywa wote, akafuta mdomo.

"Uji huu hauna kitu, akina mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo hata ikabidi wote watege masikio. "Ni wa mfuko wa Kasuku, mmeniona nikiufungua. Nilimdanganya tu Baba Shani. Nilimwambia ni ule mnaonunua ninyi dukani. Jibu lake mmelisikia."

"Zima! Zimeni!" Kasuku akapiga kelele, akiruka huku na huku. "Bwana alikuwa anatania!"

Nyumbu mmoja akamgeuza ndama wake kwenye mwanga, akamfunua kope. "Macho ya wangu ni ya manjano," akasema. "Tangu juzi."

"Wa kwangu tulimzika mwezi uliopita," akasema mwingine. "Niliona aibu kusema. Niliogopa kuitwa mchafu."

"Na mimi."

"Na mimi."

Kisha ardhi ikatetemeka. Umati ulikwenda kiwandani, ukavunja mlango, krashi! na ndani wakakuta magunia mpaka darini, kijani tupu, mengine yametoa nyuzi kama nywele. Kifaru hakungoja. Alikimbilia kwake, akavunja uzio wa nyumba yake mwenyewe, akatokomea porini, mke wake naye akashika njia yake, na mpaka leo kifaru anakaa peke yake, anakurupuka akisikia jani.

Siku ile walihesabu makaburi. Yalikuwa ishirini na tisa. Tembo alitangaza kiwanda kimefungwa, akaandika hivyo Mbiu, akagongewa kwato nyingi sana. Kesho yake wale mia wasio na sura wakaandika, "Sisi tulijua tangu mwanzo." Kasuku akapata kazi kwa muuza mafuta ya kupikia.

Kanga alikuja, akasimama mlangoni. Sikudhani alisogea tu kwenye mkeka, akampisha nafasi ya kukaa.

Lakini nilisahau kuwaambia jambo moja la pale uwanjani. Umati ulipokimbilia kiwandani, na baba na mama walipokimbia, Shani alibaki. Alikuwa amekaa chini kando ya sufuria, uji umemgandia puani, analia kwa kwikwi.

"Shangazi," akamuuliza Sikudhani, "kwa nini baba alisema nitakufa? Na wale wenzangu aliwaambia?"

Sikudhani alichukua pembe ya leso yake, akamfuta uso, taratibu, jicho moja, kisha la pili. Akamshika mkono, wakaondoka pale.

Yangu yameishia hapo, nanyi shikeni hili moja: kitu hata kikisifiwa na elfu arobaini, kama anayekiuza hampi mwanawe, nanyi msikitie mdomoni.