Jasho la Rubani

Wapendwa, niwape mtu mmoja. Jina simpi, kwa sababu nikimpa jina mtasema, "Aa, kumbe ni yule," halafu mtatulia. Leo sitaki mtu atulie.

Mtu huyu aliishi kule juu Kinangop, kwenye baridi ya kukata masikio, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kofia. Si kofia za harusi wala za mpira. Alikusanya kofia za marubani wa Vita Kuu ya Pili, zile za ngozi zinazobana kichwa, zenye mkanda wa kidevuni na vibakuli viwili vya kuwekea spika za masikioni. Ndani zina sufu au manyoya, kwa sababu ndege za wakati ule zilipopanda juu, baridi yake ilikuwa ya kuua mtu. Tusikilizane hapo: kofia hizo zilishonwa ili kichwa cha binadamu kisigande.

Na hakutulia. Akipata ya Mwingereza, anataka ya Mjerumani. Akipata ya Mjerumani, anasikia kuna ya Mjapani yenye manyoya ya sungura, basi, usingizi umekwisha. Anashika simu, anaweka dau mnadani, anashindwa, anatukana, anaweka tena. Mara yuko Nanyuki anapekua masanduku ya mzungu aliyekufa, mara yuko posta anagombana na mtu wa forodha: "Ni antique hiyo, madam, si mtumba!" Kifurushi kikifika anakifungua akiwa bado na koti mwilini. Anainusa kofia, anaigeuza, anafurahi mpaka chai ipoe. Chai ikipoa, ashaanza kuuliza nyingine iko wapi.

Kofia zilikuwa na chumba chao. Kila moja imevalishwa kichwa cha plastiki, vile vichwa vya saluni vya kushonea wigi, ndani ya kabati la kioo. Na kwa kuwa ngozi ikipata unyevu huota ukungu, chumba kile kilikuwa na heater. Inawaka kutwa kucha. Vichwa vya plastiki, jamani, vinaota moto Kinangop!

Mgeni akija anapelekwa huko kabla hajaambiwa kaa. Mwenye nyumba anavaa glavu nyeupe, anafungua kabati, anaitoa ile aliyoipenda kuliko zote, anaigeuza ndani na kuonyesha doa jeusi mahali pa paji la uso.

"Unaona hii? Hii ni jasho. Jasho la rubani mwenyewe. Alilitoa huko juu, risasi zinapita huku na huku, yeye na Mungu wake. Thamani yote iko hapo. Ukiosha hilo doa, umeua kofia."

Wageni wanasema wow. Mmoja aliwahi hata kutokwa na machozi.

Sasa. Mtu huyu alikuwa na mdogo wake, tumbo moja, waliolala kitanda kimoja utotoni. Huyo mdogo alikuwa na degree ya uhandisi wa maji, second class upper, msicheke, na kwa hiyo alikuwa anabeba maziwa kwa pikipiki. Hesabu hiyo mnaijua. Ofisini wanataka mtu mwenye experience. Experience inapatikana ofisini. Askari wa getini anakuambia weka CV kwenye boksi. So kila alfajiri, ukungu ukiwa bado umelalia barabara, alifunga mitungi ya maziwa nyuma ya boda akateremka nayo sokoni. Helmeti aliyopewa na mwenye pikipiki ilikuwa ganda tupu, sponji ya ndani ilishang'oka kitambo. Chini yake alivaa boshori, ile kofia ya kufuma kwa uzi, na upepo wa kule unapita kwenye boshori kama maji kwenye chujio. Sikio la kushoto likaanza kuuma. Likaanza kutoa usaha. Alipokwenda dispensari alipewa dawa na ushauri: "Usilipigishe upepo." Mtu wa boda! Usilipigishe upepo!

Basi Jumapili moja baada ya ibada, maana hawa walikuwa watu wa kanisa kama sisi, akaingia kile chumba chenye joto akasimama mbele ya kabati.

"Kaka."

"Usiegemee kioo."

"Sijaegemea. Kaka, niazime moja."

"Moja ya nini?"

"Kofia. Yoyote yenye manyoya. Inaingia vizuri chini ya helmeti, nimeshaipima kwa macho. Hizo spika nitazitoa polepole, nikuwekee hapo mezani. Sikio likipona narudisha kila kitu."

Kaka mtu alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Utoe spika? Wewe una wazimu? That is nineteen forty-three, bwana! Hiyo ni historia, si boshori."

"Historia yenyewe si ni mtu aliyekuwa anasikia baridi?"

"Usiniletee hizo zako za chuo."

"Kaka, nasema ukweli. Upande huu sisikii kitu. Jana gari limenipita, nimeliona tu, sikulisikia."

"Pole sana. Tia pamba."

"Nimetia."

Heater inanguruma. Halafu kaka mtu akamshika bega, kwa upendo kabisa, akasema, "Elewa. Si kwamba nakunyima. Shida ni jasho. Wewe unatoka jasho sana. Ukivaa wiki moja, jasho lako limeshaingia kwenye ngozi, na kofia si original tena. Nitamwonyesha nani?"

"Kwa hiyo jasho la huyo maiti ni dhahabu, langu ni uchafu."

"Huyo maiti alikuwa rubani, my friend. Wewe unabeba maziwa."

Niwaulize, mpaka hapo mtu huyu amekosa nini? Kofia ni zake. Hakuiba. Hakumpiga mtu. Amesema pole, tena pole sana. Mzee wa kanisa gani angemwita kwenye kikao? Mnaangalia chini. Nani kati yetu angemwita?

Haikuchukua muda. Lori la mawe likateremka kuelekea sokoni, breki zimekwisha, dereva kalalia honi kwa kiwiko. Soko zima lilisikia. Mama wa viazi aliruka, mkokoteni ukaachwa, hata mbwa wa buchani alitoka barabarani. Mtu mmoja tu hakugeuka. Lori lilikuja upande wa kushoto.

Sasa njooni mazishini muone upendo! Hema jeupe, viti vya kukodi, programu za karatasi ya kung'aa, fulana zenye picha ya marehemu amevaa joho la graduation. Kaka mtu alipopewa maikrofoni alilia, na alilia kweli, sitamsingizia. Kisha akavaa glavu zake nyeupe, akaitoa kofia kwenye sanduku. Ni ile yenyewe, yenye doa. Akaiweka juu ya jeneza, pale kwenye kichwa.

"Ndugu yangu," akasema, "wewe ndiwe rubani wangu. Nakupa kilicho bora nilicho nacho."

Watu wakaangua kilio. MC akasema, "Jamani, mmeona upendo? Mpigieni makofi!" Mchungaji akasema amina. Tukio hilo likapigwa picha na kila mwenye simu.

Mama yao akainuka.

Alitembea mpaka kwenye jeneza, akaichukua kofia kwa mikono mitupu, akaitazama ndani, akamtazama mwanawe aliye hai.

"Huyu hasikii baridi," akasema.

Akapita katikati ya viti vya watu wazito, akaenda nyuma kabisa ya hema ambako vijana wa boda, wenzake na marehemu, walikuwa wamesimama kwenye manyunyu, helmeti mikononi.

"Nani hapa anaumwa masikio?"

Vijana wakatazamana. Mtu anaogopa kuumwa masikio kwenye mazishi ya mwenzake. Mwishowe mmoja akasema, "Mimi, mama. Yote mawili."

"Inama."

Akainama. Mama akamvalisha, akamvuta sikio la kulia likae vizuri, akamfunga mkanda wa kidevuni kama anayempeleka mtoto shule siku ya kwanza. Na kijana huyo, wapendwa, alikuwa amechimba kaburi tangu asubuhi. Uso wote ulikuwa unang'aa kwa jasho.

Hapo kaka mtu akasahau jeneza. Akasahau hema, akasahau mchungaji, akasahau kwamba bado ameshika maikrofoni mkononi. Akapiga kelele:

"Mama, mvue! Ataitia jasho!"

Ilisikika bonde zima.

Basi. Mnataka kumcheka mtu yule, na mimi pia nilitaka. Tatizo ni kwamba namjua. Ameketi humu ndani. Nyumba hii yote ni yeye.

Sisi tunapenda jasho likishakauka. Ukuta ule pale una picha za waliolijenga kanisa hili, waliobeba mawe kichwani kutoka mtoni, na tunazipangusa vumbi kila Jumamosi. Kijana akiingia leo ametoka kubeba mawe yale yale kwenye mjengo, usher anampeleka benchi la nyuma kwa sababu ananuka. Kamati ya mazishi tunaiunda kabla maiti hajapoa, kila mtu ana kazi, hakuna anayesema nitaangalia ratiba. Kamati ya walio hai inakutana lini? Ofisi yake iko wapi? I am asking. Mwaka mzima tunahubiriwa chapeo, chapeo, vaeni chapeo ya wokovu, kofia ya askari wa Mungu. Nani amemvalisha mwenzake?

Na ninyi wenzangu wenye mavyeti, mnaonipigia makofi huko kushoto, ngojeni kwanza. Digrii zetu tumezilaminate. Mtoto wa jirani anafeli hesabu ukuta kwa ukuta na sisi, tunamsikia akichapwa, tunasema kufundisha watoto si level yangu, nasubiri kazi ya profession yangu. Tunasubiri nini? Tuwekwe kabatini tukiwa bado mint condition, hatujatumika? Hasira yetu ni ya haki, naitetea popote. Lakini hata aliyenyimwa anaweza kuwa mnyimi, na huyo ni mbaya zaidi, maana anajua baridi inavyouma.

Sitafunga kwa sala, mchungaji anisamehe. Geukeni. Geuka tu, aliye karibu nawe, hata kama hujui jina lake, muulize anaumwa wapi. Akikujibu, usimwombee kwanza.