Mzee Lusangija na Sheria ya Kujisuta

Paukwa!

— Pakawa!

Mnaitika kama watu walioshiba. Paukwa!

— Pakawa!

Hapo sasa. Sogeeni motoni, wenye baridi mbele, wenye usingizi nyuma. Mwenye mbuzi aende kwanza akaangalie kama amefungwa, ndipo arudi kusikiliza. Na mkitaka kucheka, chekeni bila kunionea haya, kwa sababu mjinga wa ngano hii ni babu wa babu yangu. Pua yake ninayo, na akili yake, wanasema, ninayo pia.

Hapo zamani za kale, wakati mbuzi akiulizwa anajibu, palikuwa na kijiji kikiitwa Kasimbo. Watu wa Kasimbo walikuwa wakarimu, wachapakazi, na wagomvi. Ugomvi wao ulikuwa wa jambo moja tu: mifugo. Mbuzi wa huyu alikula kunde za yule, yule akaja na panga, huyu akatoka na rungu. Msimu mmoja masikio mawili yalikatika, moja la mbuzi na moja la mtu.

Ndipo Mzee Lusangija akasimama barazani. Huyo babu yetu alikuwa mtu wa maneno. Ukimsalimia, anakujibu kwa hotuba. Siku hiyo alisema tangu ng'ombe walipotoka mpaka ng'ombe waliporudi, na watu kwa kuchoka wakazikubali sheria zake zote.

"Ya kwanza," alisema, "wakati wa kilimo kila mbuzi afungwe kamba, na kamba iwe pima tatu, isizidi. Ya pili, kuku akae tunduni mpaka mbegu ichipue. Ya tatu, mnyama akiharibu shamba la mtu, aingizwe zizi la kijiji. Mwenye mnyama asimame juu ya kisiki pale zizini, jioni tatu, ajisute mwenyewe mbele ya watu, mpaka mwenye shamba acheke. Akicheka, mnyama atoke. Asipocheka, mnyama aende chunguni tumle sote."

"Kwa nini acheke?" watu wakauliza.

"Kwa sababu mtu anayecheka hawezi kushika panga."

Nisiwafiche, lilikuwa neno la busara. Babu yetu alipata kuwa na busara siku moja, na siku yenyewe ni ile. Lakini hakujua kunyamaza. Akaongeza kwamba kicheko kiwe cha tumboni, cha uongo hakihesabiwi. Akaongeza kwamba mnyama akiwa zizini, maziwa yake ni ya mwenye shamba. Akaongeza na mengine ambayo hata yeye alikuja kuyasahau.

Basi sheria ikafanya kazi. Mtu alipanda kisikini akasema, "Mimi nilimfunga mbuzi kwa bua la mtama, nikaenda kulala nikijisifu!" Mwenye shamba anashika mbavu, wanarudi nyumbani pamoja. Kulikuwa na punda mmoja mzee aliyeingia zizini mara nne, kwa kuwa bwana wake alipenda sana kusimama pale juu na kuchekwa.

Mara moja tu sheria iliuma. Jogoo wa Bi Nyamizi alitoroka tunduni akafukua karanga alizopanda Lusangija. Bi Nyamizi alikuwa amemzika mumewe siku ishirini kabla ya hapo. Alipanda kisikini jioni ya kwanza, sauti haikutoka. Akapanda jioni ya pili, sauti haikutoka. Akapanda jioni ya tatu, akasema, "Mimi... jogoo wangu..." akashuka akilia. Watu wakamtazama Lusangija. Yeye akafumba mdomo, akasema, "Sheria ni sheria." Jogoo akaenda chunguni, na Lusangija, kwa kuwa ni mwenye sheria, akapewa firigisi.

Baada ya hapo babu yetu akajipa kazi ya kukagua. Kila asubuhi alibeba kamba yake ya kupimia, akazunguka nyumba kwa nyumba.

"Kamba yako pima ngapi?"

"Tatu, mzee."

"Tuone!"

Anapima, anaguna, anakwenda kwa jirani. "Kamba yako pima ngapi?" Anapima, anaguna, anakwenda kwa mwingine. "Kamba yako pima ngapi?" Hata watu wasiokuwa na mbuzi aliwauliza.

Nyumbani kwake kulikuwa na mbuzi mmoja tu, jike, jina lake Tulia. Mbuzi huyo hakuwa wa kuchezea. Binti yake Lusangija, aliyeitwa Limi, alifariki akijifungua, akaacha kichanga cha kike, Mbula. Kichanga kilikuwa kikinyweshwa maziwa ya Tulia, na kingine chochote kilikuwa kikikitapisha. Bibi yake, Mama Limi, alikuwa akimkamua yule mbuzi huku akimshukuru kwa jina.

Asubuhi moja Lusangija akaitafuta kamba yake ya kupimia, akaikuta imetafunwa na panya. Afanye nini? Jua limepanda, watu hawajakaguliwa! Akamwendea Tulia, akaifungua kamba ya shingoni mwake, akaitupia begani.

"Mzee," akasema Tulia, "unaniacha bila kamba?"

"Wewe ni mbuzi wa mwenye sheria. Hufungwi kwa kamba, unafungwa kwa heshima."

"Heshima ina pima ngapi?" akauliza Tulia.

Lakini babu yetu alikuwa keshafika kwa jirani. "Kamba yako pima ngapi?"

Tulia alingoja kidogo. Akaangalia kulia, hakuona heshima. Akaangalia kushoto, hakuona heshima. Akaangalia mbele, akaona shamba la kunde la Bi Nyamizi, la kwanza alilolilima peke yake tangu awe mjane. Akaenda.

Lusangija aliifikia nyumba ya Bi Nyamizi jua likiwa utosini. Akapaza sauti kutoka mbali, "Kamba yako pima ngapi?"  Bi Nyamizi alikuwa amesimama katikati ya shamba, amemshika Tulia pembe, na nyuma yao kulikuwa na mashina matupu. Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika.

"Mzee," akasema Bi Nyamizi, "mbuzi wako."

Babu yetu akashtuka. Akatafuta la kusema, na mtu wa maneno hakosi. Akasema, "Lahaula! Amekata kamba!"

Akasema hivyo na kamba yenyewe iko begani.

Watu wa Kasimbo wakaitazama kamba. Wakatazamana.  Tulia akapelekwa zizini, akafungiwa pamoja na yule punda mzee.

Jioni ya kwanza Lusangija akapanda kisikini, na watu wote walikuwepo. Akakohoa. "Ndugu zangu," alisema, "leo najisuta. Nina kosa kubwa. Kosa langu ni kuwajali sana ninyi, hata nikajisahau mwenyewe. Kosa langu jingine ni bidii."

Punda akamgeukia Tulia. "Huyo anajisuta au anajisifu?"

"Ndivyo alivyo hata akiomba chumvi," akasema Tulia.

Bi Nyamizi hakucheka. Lusangija akashuka, akaenda nyumbani. Mle ndani Mbula alikuwa akilia, amekataa uji, na Mama Limi alikuwa akizunguka naye chumbani.

"Baba Limi," akasema mkewe, "umewaambia ukweli?"

"Nimewaambia kosa langu."

"Nimekuuliza ukweli."

Akajifanya hakusikia. Hilo la kutosikia nalo tumelirithi ukoo mzima.

Asubuhi, kabla Lusangija hajatoka nje, akasikia hodi. Alikuwa Bi Nyamizi, ameshika kibuyu cha maziwa ya moto, yametoka kukamuliwa.

"Dada," akasema Mama Limi, "maziwa hayo ni yako. Sheria imesema."

"Imesema ni yangu," akajibu Bi Nyamizi. "Haikusema nimnyweshe nani." Akampokea mtoto, akamnywesha mpaka akalala, akaosha kibuyu chake, akaenda zake. Lusangija alikuwa nyuma ya mlango, anasikia kila neno. Hakuthubutu kutoka.

Jioni ya pili akapanda kisikini. Sauti ilikuwa imepungua, ila kiburi kilikuwepo bado. "Ndugu zangu, mbuzi huyu ni mkorofi. Nilimfunga imara, akatafuna kamba..."

"Kamba ipi?" akauliza Tulia kutoka zizini.

Watu wakaangalia chini. Mmoja akakohoa, wa pili akakohoa, wa tatu akageuka akaenda kusimama nyuma ya mti. Bi Nyamizi alimwonea huruma yule mtoto, akataka kumaliza jambo. Akafungua kinywa akasema, "Hi hi hi."

Punda akatikisa kichwa. "Hicho si kicheko, ni kikohozi."

Wazee nao wakasema kwa masikitiko, "Cha uongo hakihesabiwi. Sheria ni yako mwenyewe, Lusangija."

Asubuhi ya tatu kibuyu kikaja tena, na Lusangija akasimama tena nyuma ya mlango. Mchana mzima hakula. Alasiri akaenda zizini kumwona Tulia. Kando ya zizi akinamama walikuwa wameshaanza kupanga mafiga matatu ya chungu kikubwa.

"Mzee," akasema Tulia, "mimi nimeishi vizuri, silalamiki. Lakini mtoto kesho atakunywa nini?"

Lusangija akayatazama mafiga, akarudi nyumbani kuitafuta ile kamba. 

Jioni ya tatu akapanda kisikini, na kamba ilikuwa begani. Safari hii hakukohoa.

"Mbuzi wangu hakukata kamba," alisema. "Kamba niliifungua mimi. Nilikuwa nayo hapa begani, nikizunguka kupima kamba za mbuzi wenu, na mbuzi wangu hana. Nikasema amekata kamba, na kamba nimeivaa. Mtu mmoja mjinga katika kijiji hiki alihitaji kufungwa kamba, na hakuwa mbuzi."

Kasimbo nzima ikalipuka. Siku tatu walikuwa wamebana mbavu! Waliiona kamba ile tangu mchana ule, wakawa wanangoja aseme. Wapo waliokaa chini, wapo waliokumbatiana, na yule wa nyuma ya mti akaanguka. Hata punda akacheka akionyesha ufizi.

Bi Nyamizi hakucheka.

Alijitahidi, alitaka, kicheko hakikuja. Jua lilikuwa limegusa vilima, na vicheko vya watu vikaanza kupungua kimoja kimoja. Mama Limi alikuwa mbele, amembeba Mbula, anamtazama mumewe.

Lusangija akasema kwa sauti ndogo, "Bi Nyamizi, na hili halichekeshi, lakini nitalisema. Siku ya jogoo wako ningeweza kucheka. Ulisimama hapa na msiba wako, na mimi nilifumba mdomo kwa ajili ya vijikaranga vichache. Halafu nikala firigisi. Nikaomba na chumvi."

"Hata chumvi?" akauliza Bi Nyamizi.

"Hata chumvi. Na pengo langu hili," akafungua kinywa, akaonyesha mahali lilipokuwa jino la mbele, "niliwaambia nilipigana na chui. Hapakuwa na chui. Ni ile firigisi. Jogoo alikuwa mzee, nikaing'ata kwa tamaa, jino likavunjika vipande viwili. Kimoja nilikitoa kwa siri, nikakificha kiganjani."

"Na cha pili?"

"Nilikimeza. Niliona aibu kukitema mbele za watu."

Bi Nyamizi akamtazama. Midomo ikamcheza. "Kwa hiyo," alisema polepole, "jogoo wangu... alikupiga..."

"Akiwa amekufa," akasema Lusangija.

"Akiwa chunguni!"

"Akiwa chunguni, dada, na chumvi juu."

Kikaja. Kilianza chini kabisa tumboni, kikapanda, kikamtikisa mabega, kikamtoka. Bi Nyamizi akacheka mpaka akashika kisiki asianguke. Akacheka mpaka machozi yakatoka, na machozi yalipoanza kutoka hayakukoma, akawa anacheka na kulia pamoja, na Mama Limi akamwendea akamshika kwa mkono mmoja. Hakuna aliyecheka naye. Watu wote wakamsikiliza. Tangu amzike mumewe, hawakuwa wameisikia sauti ile.

Punda akasema, "Hicho ndicho kicheko." Wazee wakafungua zizi.

Kesho yake Lusangija hakwenda kukagua. Alichukua jembe, akaenda shambani kwa Bi Nyamizi, akapanda kunde mstari mmoja, akapanda wa pili, akapanda wa tatu, mpaka mgongo ukamkataa. Mpita njia akamsalimia, "Habari za kazi, mzee?"

"Nzuri," akajibu. Akaendelea kulima.

Yule mpita njia alikaa hapo kando muda mrefu, akingoja hotuba.

Hadithi yangu inakaa chini hapo. Kama ni nzuri, mwende nayo nyumbani. Kama ni mbaya, mniachie mimi, ni ya ukoo wetu.