Jumbe Alivyoinama Kuupima Mvule

Kaeni vizuri, wajukuu zangu, na wewe Mwanaidi acha kumfinya mwenzio. Kabla sijakifungua kisa niungame kwanza, maana Mwenyezi Mungu ananijua, na nyinyi bora mnijue. Nilipokuwa kijana nilitumwa nikapime mnazi wa jirani kabla haujaangushwa. Jua lilikuwa kali. Nikautazama tu kwa macho, nikarudi nikasema nimepima. Mnazi ukaangukia choo cha Bi Tatu, na Bi Tatu alikuwa ndani. Mungu alimnusuru yeye. Mimi hakuninusuru na ulimi wake. Ndiye aliyenisimulia kisa hiki, siku ileile, huku kanishika sikio.

Basi. Hapo kale, kale iliyozaa kale nyingine, zama ambazo saa ya mtu ilikuwa kivuli chake mwenyewe, palikuwa na mji ukiitwa Kivumoni. Na Kivumoni palikuwa na mvule. Mvule mrefu, mrefu, mrefu. Kunguru akiruka toka chini asubuhi, husimama katikati kupumzika. Mnacheka? Mimi nimeambiwa hivyo, nami nawaambia hivyo.

Jumbe wa mji, Mwinyikambi, aliutaka mvule ule apate boriti za msikiti. Kulia kwa mti palikuwa na makaburi, kushoto msikiti wenyewe, nyuma korongo. Upande mmoja tu ulibaki wa kuuangushia, na upande huo, dhiraa themanini kutoka shinani, ilisimama nyumba ya Bi Kije, mjane mfinyanzi. Dhiraa mnaijua? Kiwiko mpaka ncha ya kidole. Nyumba ile ndiyo ilikuwa yote aliyonayo: paa, tanuri, na vyungu vyake vya mwaka mzima.

Akaitwa Fundi Shebwana, bingwa wa shoka. Fundi alikuja baada ya sala ya adhuhuri, akapima kivuli cha mti kwa dhiraa, akapata hamsini na mbili. Kisha akafanya kama ilivyo desturi ya Kivumoni: akaligonga shina kwa shoka mara tatu, akautaja urefu mbele ya watu. Mti ni dhiraa hamsini na mbili, nyumba iko themanini, hakuna la kuogopa. Na shoka likishagonga mara tatu, watoto wangu, hakuna wa kubisha, ila yule atakayekwenda kuketi shinani.

Watu wakatazamana. Bi Kije akajifunga kanga yake vizuri, akaenda akaketi shinani.

Akatoa kijiti cha dhiraa moja kamili, akakisimamisha mchangani. Kivuli chake kilikuwa nusu ya dhiraa na ncha kidogo.

"Fundi, baba," akasema, "jua la saa hii linakata. Kijiti changu kimeficha karibu nusu ya urefu wake. Na mvule nao umeficha karibu nusu yake. Ungengoja alasiri, kijiti na kivuli vikalingana, ndipo ungepima."

Fundi akakitazama kile kijiti kama mtu anayetazama deni la mwenzake. "Bibi, hicho ni kijiti. Kitajuaje mambo ya miti mirefu?"

Vijana wa Fundi, wenye shoka, wakacheka. Bi Kije akawauliza kama jua la mti mrefu na la mti mfupi ni majua mawili. Jumbe akasema alasiri ni mbali, naye keshaalika watu. Ndipo likapita wingu, likaketi juu ya jua kama kuku juu ya mayai. Vivuli vyote vikafutika, cha mti na cha kijiti.

Kuna njia nyingine, akasema Bi Kije. Mahali ni tambarare. Mtu asimame ameupa mti mgongo, miguu ameinyoosha, ainame atazame katikati ya miguu yake. Jicho hapo hupanda nusu ya kona, ile kona ya ukuta na sakafu ukiigawa sawasawa. Nyinyi wa shule mnasema nyuzi arobaini na tano. Yeye alisema nusu ya kona. Pale utakapoanza kukiona kilele, umbali wako na shina ndio urefu wa mti.

"Nikiinama mlangoni kwangu nikakiona kilele, kateni," akasema. "Lakini mimi ni mwanamke mzima na hii kanga. Aniinamie mwingine."

Fundi akasema hainami. Vijana wakasema wao wanaogopa kumpinga Fundi. Kila jicho likamgeukia Jumbe, na Jumbe, ambaye hakuwahi kuinama ila kwenye rukuu ya sala, akatazama huku, akatazama kule, akavua joho.

Akasimama mlangoni kwa Bi Kije, akaupa mti mgongo, akainama. Kilemba kikaanguka. Kanzu ikamfunika uso, akaikusanya kiunoni apate kuona. Watoto wa Kivumoni, wasio na adabu kama fulani ninayemwona hapa, wakaanguka kwa kicheko.

"Unaona nini, Jumbe?" akauliza Fundi.

"Matawi," ikajibu sauti kutoka katikati ya miguu. "Matawi, na matawi tena. Kilele sikioni."

Akasogea mbele, mbali na mti. Akapita ukumbini, akaona paa tu. Akatokea uani, bado matawi. Mpaka alipofika kwenye banda la kuku, kichwa chini, kuku wakimdonoa vidole, ndipo akasema taratibu: "Nakiona."

Wakapima kutoka banda mpaka shina. Dhiraa tisini.

Fundi Shebwana akaliweka shoka chini. Alikwenda mwenyewe mpaka bandani, akainama, akakaa hivyo muda mrefu. Aliponyanyuka macho yalikuwa mekundu. Sijui ni damu ya kuinama au ni aibu. Akamshika Bi Kije mkono, akasema, "Mama, ningekuzika."

Akapanda yeye, akakata kilele na matawi, dhiraa thelathini, akavishusha kwa kamba. Kisha akauangusha mvule. Ardhi ikatikisika, vyungu vikagongana, lakini hata kimoja hakikupata ufa.

Tangu siku ile Kivumoni hakuna fundi aliyegonga shina kabla hajainama. Mwenye kujua si aliye juu, wanangu. Ni yule anayekubali kushuka ili aone.

Kisa changu kimefika ukingoni, na mimi pumzi. Kitamu chake bebeni, kichungu chake niachieni.

Nina ombi moja. Mkinikuta nashikilia neno kwa sababu ya mvi zangu tu, msiniogope. Niambieni: babu, inama kwanza utazame.